Karabai, taa ya shaba au taa ya kioo: ukianza kukusanya taa za zamani Mwanza, uanze na ipi?

Anayetaka kukusanya taa za mezani za shaba na kioo za katikati ya karne iliyopita, yaani zile za takriban 1945 hadi 1970, akiwa hapa Mwanza ana njia tatu. Kuna taa ya umeme yenye mwili wa shaba, kuna taa ya umeme yenye mwili wa kioo, na kuna taa za mafuta za enzi hiyohiyo, hasa karabai, ile taa ya mafuta inayotiwa upepo kwa pampu. Wengi wanaoniuliza wameshaona picha za taa za Italia na Sweden kwenye simu, na swali lao ni watazipata wapi. Mimi huwashauri waanze na karabai. Nitaeleza kwa nini, na pia ni mtu gani ambaye ushauri huo haumfai.

Shaba ninayoitaja humu ni ile ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Wanunuzi wa chakavu wanaiita brasi.

Mafuta au umeme

Karabai huna haja ya kuiagiza, imeishi hapa ziwani muda mrefu. Wavuvi wa dagaa wamevua kwa mwanga wake kwa miaka mingi: usiku wa giza, taa zinaelea juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, kisha wavu unazungushwa. Siku hizi wengi wamehamia taa za LED za betri na sola, maana mafuta ya taa yalikuwa yanawala faida. Karabai zilizobaki zimelala kwenye mabanda ya mialoni, yaani pale mitumbwi inapotia nanga, Kirumba, Ukerewe na visiwa vya jirani. Nyingine, na hili linaniuma sana, ziko kwenye magunia ya chakavu, zinapimwa kilo pamoja na mabomba na vali mbovu, zikisubiri kuyeyushwa.

Si karabai zote zinazostahili kuokolewa kama kitu cha mkusanyiko. Nyingi utakazoziona zinang'aa nyeupe, na mtu anadhani si shaba. Tangi za zamani zilitengenezwa kwa shaba kisha zikapakwa nikeli. Geuza taa, tazama chini ya tangi au pembeni mwa pampu, mahali palipochunika. Ukiona njano imejitokeza, hapo kuna shaba. Baada ya hapo weka sumaku. Ikinata, tangi ni la chuma lililopakwa rangi ya kung'aa, na hiyo kwa kawaida ni ya miaka ya karibuni.

Jina unalopaswa kulijua kwanza ni Petromax. Ni taa ya kampuni ya Ehrich & Graetz ya Berlin, iliyoanza kutengenezwa mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lake limeunganishwa kutoka neno petroleum na jina la Max Graetz mwenyewe. Umbo lake lilinakiliwa dunia nzima. Karabai za Kichina kama Anchor na Butterfly zimefuata umbo hilohilo, na kwa mkusanyaji hiyo ni neema: vipuri vingi vinaingiliana, kwa hiyo Petromax ya shaba iliyopoteza nozeli (kitundu cha kupulizia mafuta) au washa (kipande cha mpira au ngozi cha kuzibia) inaweza kufufuliwa kwa kipuri cha bei nafuu. Tilley ya Uingereza ni ya ukoo mwingine, na vipuri vyake haviingii kwenye Petromax. Coleman ya Wichita, Marekani, ina sifa moja ninayoipenda sana: kiwanda kiligonga mwezi na mwaka wa kutengenezwa chini ya tangi, kwa hiyo hakuna ubishi kuhusu umri wake. Lakini soma vizuri kabla hujaijaza, maana Coleman nyingi zilitengenezwa kwa petroli na si kwa mafuta ya taa. Kinyume chake ni hatari kubwa zaidi. Karabai ya mafuta ya taa isitiwe petroli hata kidogo, wala mafuta yaliyochanganywa na petroli. Inalipuka.

Kabla ya kulipa, omba ndoo ya maji. Tangi likiwa tupu, funga kila kitu, piga pampu mara kadhaa, kisha lizamishe. Mapovu yatakuonyesha palipo na tatizo. Mapovu ya kwenye mfuniko au pampu kwa kawaida ni suala la washa au vali ya pampu, na washa ya ngozi ya pampu fundi viatu anaikata kwa dakika chache. Mapovu yanayotoka kwenye bati lenyewe la tangi ni habari nyingine. Hiyo taa unaweza kuinunua kwa ajili ya kuitazama, na mafundi wa mtaa wa Makoroboi wanaofua taa za bati wataziba ufa kwa lehemu ukapendeza, lakini usiitie tena upepo na moto.

Nyufa hizo zina chanzo ambacho wengi hawakijui. Shaba nyembamba iliyovutwa na mashine kuwa umbo la tangi inabaki na mkazo ndani yake. Ikikutana na amonia kwenye hewa yenye unyevu, inapasuka yenyewe bila kuguswa. Jeshi la Uingereza lililokuwa India liliyaona haya kwenye maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi: kila masika maganda yalipasuka, na mwaka 1921 wataalamu wakaeleza kuwa chanzo ni amonia ya mkojo wa farasi. Sasa fikiria karabai iliyowekwa miaka kumi kwenye banda la kuku hapa ziwani. Ukiletewa taa iliyotoka bandani, itazame shingo na mzunguko wa chini wa tangi kwa tochi, polepole. Na ukishaipeleka nyumbani, usiihifadhi mahali pa namna hiyo, wala usiisugue kila wiki kwa dawa ya kung'arishia yenye harufu kali ya amonia.

Jambo la mwisho kuhusu karabai ni ule mfuko mdogo wa kitambaa unaotoa mwanga. Ni uvumbuzi wa Carl Auer von Welsbach wa mwaka 1885, na kwa miongo mingi ulitiwa thoriamu pamoja na seriamu kidogo. Thoriamu ina mionzi midogo. Mfuko mzima hauna shida ukiwa umetulia kwenye taa, ila ukivunjika usiupulize wala usiuvute puani. Futa vumbi lake kwa kitambaa chenye maji, kisha nawa mikono.

Hapa ndipo mtu anayetaka taa ya kila jioni anapaswa kuniacha na kwenda kwenye umeme. Karabai inavuma, inatoa joto jingi, na ndani ya chumba kilichofungwa inatoa hewa ya sumu. Ni taa ya kuwasha barazani mara mojamoja, wageni wakiwepo, na siku nyingine ikae rafuni. Anayehitaji mwanga wa kusomea, mwenye watoto wadogo wanaokimbia sebuleni, au aliyepanga vyumba vya ghorofani, asiwashe karabai. Anayetaka umbo lake bila moto aweke taa ndogo ya LED ya kuchaji ndani ya kioo chake. Nawasihi tu wasitoboe tangi kupitisha waya. Karabai iliyotobolewa haiwezi tena kurudi kuwa karabai.

Kati ya karabai na umeme ipo Aladdin, taa ya mezani ya mafuta isiyo na pampu. Kampuni yake ilianzia Chicago mwaka 1908, na baadaye Aladdin zilitengenezwa Greenford, Uingereza, pia. Ina utambi wa mviringo chini na mfuko wa kung'aa juu, chemni ndefu nyembamba, na haitoi sauti. Namba ya modeli imeandikwa kwenye kitufe cha kupandishia utambi. Ni taa nzuri kuliko zote nilizozitaja kwa mwanga wa mafuta, lakini ukiipata bila chemni na bila ule mfuko, kuikamilisha kutakusumbua. Ichukue ikiwa imekamilika, au iache.

Shaba au kioo

Tukishaingia kwenye umeme, swali linageuka: mwili wa taa uwe shaba au kioo? Mimi napima kwanza kwa ajali. Taa ya shaba ikianguka itabonyea, na kibonyeo kinanyooshwa. Ikichakaa, inang'arishwa. Mguu ukilegea, fundi anayekata nyuzi za skrubu anaurudisha. Mji huu umejaa watu wanaojua kufanya kazi ya chuma. Taa ya kioo ikipata ufa, safari imekwisha. Gundi itaonekana kila ukiwasha, kwa sababu mwanga unapita pale pale palipounganishwa. Kwa hiyo anayeanza, ambaye bado anajifunza kushika, kubeba na kufungua taa, ni bora ajifunzie kwenye shaba.

Lakini ukiangalia uzuri, nakiri kioo kinashinda. Taa ya shaba inapendeza mchana, usiku kinachoonekana ni kofia yake tu. Taa ya kioo inabadilika ikiwashwa. Kisiwa cha Murano karibu na Venice kimekuwa makao ya wafua kioo tangu 1291, na katika miaka ya 1950 mafundi wake walikuwa wanachovya kioo cha rangi moja ndani ya kingine, tabaka juu ya tabaka, hadi rangi ya kaharabu inaelea ndani ya kioo kisicho na rangi. Flavio Poli, aliyechora kwa ajili ya kiwanda cha Seguso, aliifikisha kazi hiyo mbali sana. Mfaransa Max Ingrand alichora kwa ajili ya kampuni ya Fontana Arte mwaka 1954 taa ya kioo cheupe ambayo hata kitako chake kinawaka, na inatengenezwa hadi leo. Watu wa Skandinavia walikwenda njia nyingine. Kule Orrefors, Sweden, Carl Fagerlund alitumia kioo kinene chenye uso wa mawimbi na mabonde, kilichofungwa kwa shaba. Upande wa shaba tupu jina kubwa ni Paavo Tynell wa Finland, aliyetoboatoboa shaba ili mwanga upenye kwa matone, na kwa Marekani ni Stiffel ya Chicago, ambayo taa zake zilisifika kwa uzito.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani atakutana na Tynell kwenye rundo la mitumba la soko la Mlango Mmoja. Majina haya yanafaa kwa jambo moja: yanakufundisha jicho. Ukishatazama picha za kutosha za kazi bora, utaitambua taa isiyo na jina iliyotengenezwa kwa uangalifu uleule, na hizo ndizo zinazopatikana kwenye mitumba na kwenye nyumba za zamani za katikati ya mji zinapohamwa.

Uzito ni kipimo cha kwanza kwa shaba, ingawa kinadanganya. Viwanda vingi viliweka kipande cha chuma au zege ndani ya kitako ili taa isipinduke. Gonga kwa ukucha sehemu ya juu, mbali na kitako, na upitishe sumaku toka juu hadi chini. Pia tazama kingo: palipopakwa tu, kingo huchunika kwanza, na chini yake utaona kijivu. Shaba halisi ikikwaruzwa inabaki njano. Doa jekundu au la waridi linaonyesha kuwa zinki imeanza kutoka, na hilo hakuna dawa ya kung'arisha inayoliondoa. Kutu ya kijani ni nyepesi zaidi. Ndimu na chumvi vinaiondoa, mradi usuuze na kukausha vizuri. Ila taa nyingi za miaka hiyo zilipakwa vanishi kiwandani. Ukiona madoa meusi chini ya utando unaong'aa, ni vanishi iliyochanika. Ama uiondoe yote au uiache yote, usisugue nusu.

Kioo kinapimwa kwa vidole na kwa sikio. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa. Angalia chini kama kuna mikwaruzo ya kukaa mezani miaka mingi. Taa inayosemekana ni ya 1960 lakini kitako hakina hata alama moja inatia shaka. Halafu angalia fimbo ya shaba inayopita katikati. Taa nyingi za kioo zimeshikwa na fimbo hiyo kwa nati juu na chini, na ufa mwingi hauletwi na kuanguka bali na mtu aliyekaza nati kupita kiasi. Ukiifungua mwenyewe, weka washa ya mpira au ngozi kati ya chuma na kioo, kisha kaza kwa vidole tu.

Kuhusu nakala, kuna kisa cha kweli kinachofaa kujulikana. Stiffel ilitengeneza taa ndefu ya nguzo ya kusimama kati ya sakafu na dari. Ikauzwa sana. Sears, kampuni ya maduka ya Marekani, ikatoa karibu ileile kwa bei ya chini, Stiffel ikashtaki, na mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kuwa, kwa vile hataza ya taa hiyo (haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasiinakili) ilikuwa batili, yeyote angeweza kuinakili. Kwa hiyo nakala ya wakati uleule si bidhaa ya wizi, na mara nyingi ni taa nzuri. Ninachokataa ni kulipishwa bei ya jina kwa taa isiyo na jina. Kibandiko cha karatasi kinachosema Murano hakithibitishi chochote, kinabandikwa hata leo.

Waya, hata kama taa inawaka

Kwa taa yoyote ya umeme ya miaka hiyo, ng'oa waya wote wa zamani. Usijadili. Mpira wa ndani umeshakauka, na ukiukunja unapasuka. Rangi za waya nazo zinaua. Uingereza ya zamani ilitumia nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro (waya wa kurudishia umeme) na kijani kwa ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini). Ujerumani kabla ya 1965 nyekundu ilikuwa ndiyo ethi. Fundi aliyezoea nyekundu kuwa moto akiiunga hivyo kwenye taa ya shaba ya Kijerumani, mwili mzima wa taa unakuwa na umeme. Weka waya mpya wa nyuzi tatu, kahawia, bluu na ule wa kijani na njano, huu wa mwisho ufungwe kwenye shaba yenyewe, na kwenye plagi ya pini tatu weka fyuzi ya ampea 3. Taa ya kioo yenye fimbo na holda ya shaba nayo inahitaji ethi. Watu wanaisahau kwa sababu wanachokiona ni kioo.

Taa za Marekani watu wanaziogopa bila sababu. Zilitengenezwa kwa volti 120 na sisi tunatumia 230, lakini ndani ya taa hakuna mashine. Kinachoungua ni balbu ya kwao. Ukibadilisha waya na plagi, ukaweka balbu ya volti 230, itawaka; holda yao ya kuzungusha ni nyembamba kwa milimita moja tu kuliko ya Ulaya, na balbu za skrubu za madukani hapa kwa kawaida zinaingia. Ile swichi ukiizungusha mara moja taa isiwake, usiirudishe kwa muuzaji. Zungusha tena. Zilitengenezwa kwa balbu yenye ngazi tatu za mwanga, na balbu ya kawaida haina ngazi ya kwanza. Kama holda imeandikwa volti 250, ibaki. Kama haikuandikwa, badilisha. Za Uingereza mara nyingi zina holda ya pini, na balbu zake zipo kila duka la umeme.

Tumia LED ya rangi ya joto, kelvini 2700, ya wati 6 hadi 9. Nyeupe kali ya dukani inaua rangi ya kaharabu ya kioo na kuifanya shaba ionekane ya kijani. LED pia haichomi, jambo muhimu kwa kioo cha zamani na kofia ya kitambaa.

Bei na ziwa

Muuza chakavu anafikiri kwa kilo, na mwenye karabai anayejua atapewa bei ya kilo atafurahi ukiongeza kidogo juu yake. Ongea na wavuvi moja kwa moja, kwa heshima, uulize taa ilikovua na nani aliitumia, uandike. Karabai yenye historia yake ya mwalo fulani itakuwa na thamani ambayo Petromax iliyonunuliwa Berlin haina. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuiweka mbele: taa za Murano zina watu wengi wa kuzitunza huko ziliko, za ziwa hili zinatutegemea sisi.

Ukikaa karibu na maji, Capri Point au Kirumba, fikiria pia wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi jioni fulani na kufuata mwanga. Taa ya kioo yenye mdomo wazi juu itajaa hadi kitako, na kuisafisha maana yake ni kuifungua yote. Kwa nyumba ya namna hiyo chagua kioo kilichofungwa juu, au shaba yenye kofia ya kitambaa inayotolewa na kukung'utwa. Shaba itapoteza mng'ao haraka kuliko ingekuwa bara kavu, kwa sababu ya unyevu. Nta ya kung'arishia samani, ikipakwa nyembamba baada ya kusafisha, inaichelewesha.

Na ukiinunua ya kioo nje ya mji, ukarudi nayo kwa basi au kivuko, ifungue hapohapo ulipoinunua: holda peke yake, fimbo peke yake, kioo kikiwa kimejazwa nguo ndani na kuviringishwa nguo nje. Kikae mapajani. Usikubali kikapangwe buti.